Kuchagua Sindano ya Gramafoni kwa Fedha Kidogo

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika ukumbi wa shule



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kitu kidogo sana, ambacho ncha yake haionekani vizuri bila kioo cha kukuzia. Kama mlivyosikia katika taarifa ya Katibu, chama chetu kimepokea masanduku ya santuri kutoka kwa wanachama, na kimekubali kuziweka katika maktaba ya shule ili wanafunzi wazisikilize. Mashine ya kuzipigia ipo. Kinachokosekana ni kichwa cha sindano, ambacho mafundi hukiita katriji. Fedha iliyotengwa si nyingi. Basi swali lililo mbele yetu ni hili: tununue kichwa gani?

Najua wako watakaosema, "Mzee, siku hizi muziki wote umo katika simu." Mwingi umo, ndiyo, lakini si wote. Katika masanduku haya mna santuri ndogo za mizunguko 45, zile zenye tundu kubwa katikati, za bendi zetu za dansi. Enzi zile redio ya taifa ilikuwa ikirekodi bendi kwa kanda, lakini santuri nyingi za nyimbo zetu zilitoka Nairobi. Mara nyingi wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na magitaa yakachemka upande wa pili. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki mwaka 1979. Hao hawarudi tena studio. Wimbo ambao haukuhamishiwa kokote, ukifutika katika santuri ya mwisho, umekwisha.

Nami nasema wazi mapema: kinachoweza kuufuta ni sindano. Spika ikiungua, tutanunua nyingine. Amplifaya ikiharibika, fundi yupo. Lakini mfereji wa santuri ukishachubuliwa, hakuna fundi duniani wa kuurudisha.

SINDANO INAFANYA KAZI GANI

Santuri ina mfereji mmoja mwembamba, ambao nitauita mfuo, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na karatasi ya katikati. Katika santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, upana wa mfuo huo ni kiasi cha sehemu 5 za mia ya milimita, yaani ni mwembamba kuliko unywele. Kuta zake mbili zimekatwa kwa mawimbi. Ukuta wa ndani hubeba sauti ya spika ya kushoto, na ukuta wa nje hubeba ya kulia. Ncha ya almasi hupita humo ikitikisika, na mtikisiko huo hupanda kwa kijiti chembamba mpaka ndani ya kichwa.

Wanafunzi wa fizikia wanajua yanayofuata. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili, umeme huzalika katika koili ile. Ndivyo kinavyofanya kazi kichwa cha sumaku: mwisho wa kijiti kuna sumaku ndogo, na pembeni yake zimewekwa koili. Umeme unaotoka ni milivolti chache tu, lakini amplifaya huukuza mpaka ukumbi mzima ukacheza.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Upande mmoja wa santuri kubwa unapigwa kwa dakika 20 hivi. Hiyo ni mizunguko kama 667. Mzunguko mmoja, tukichukua wastani wa ule wa nje na ule wa ndani, una urefu wa sentimita 65 hivi. Kwa hiyo sindano husafiri karibu mita 430 kwa kila upande. Kwa saa moja ya muziki husafiri kilometa 1.3, na kwa saa 500 husafiri kilometa 650. Hiyo ni karibu na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha, na ncha ile inaikamilisha kwa kuburuzwa, si kwa gurudumu. Almasi ni ngumu, lakini na almasi nayo huisha. Inapoisha hupata makali pembeni kama patasi, na hapo ndipo inapoanza kuchonga santuri badala ya kuisoma.

Hilo ndilo neno langu kubwa leo: sindano mpya ya bei ndogo ni bora kuliko sindano ya jina kubwa iliyochakaa. Mengine yote nitakayosema yanatoka katika neno hilo.

AINA ZA VICHWA

Aina ya kwanza ni vichwa vya fuwele au kauri. Hivi havina sumaku. Hutoa umeme vinapobanwa. Ndivyo vilivyokuwa katika gramafoni nyingi za mkononi tulizozikuta katika sebule za wazazi wetu, na ndivyo vinavyotiwa mpaka leo katika mashine nyingi ndogo za mfano wa sanduku la safari. Umeme wake ni mwingi, kwa hiyo mashine yenyewe huwa rahisi. Lakini hukandamiza santuri kwa gramu 5 na pengine zaidi, na mara nyingi ncha yake si almasi. Kwa santuri za maktaba yetu, nashauri aina hii isiguse kabisa.

Aina ya pili ni vichwa vya sumaku inayotikisika. Hivi hukandamiza kwa gramu 2 hivi, na vingine mpaka 3. Faida yake kubwa kwa mtu mwenye fedha kidogo ni kwamba sindano ikiisha unaichomoa kwa vidole na kuchomeka nyingine. Mwili wa kichwa unabaki palepale.

Aina ya tatu ni vichwa ambavyo koili ndiyo inayotikisika, na sumaku imekaa. Wapenzi wa muziki huvisifu sana. Denon DL-103 ya Japani, iliyobuniwa mwaka 1962 kwa ajili ya watangazaji, inatengenezwa hata sasa. Lakini umeme wake ni kama milivolti 0.3 tu, hivyo unahitaji kikuzaji cha ziada. Tena sindano ikiisha, mwenyewe huwezi kuibadilisha. Hicho ni kichwa cha mtu mmoja nyumbani kwake, si cha shule yenye wanafunzi mamia.

Kwa hiyo tubaki na aina ya pili.

UMBO LA NCHA

Ndani ya aina hiyo ya pili, bei hupandishwa hasa na umbo la ncha ya almasi. Ncha ya kwanza ni ya mviringo, kama ncha ya kalamu ya wino wa mpira. Ni rahisi kutengeneza, inavumilia kufungwa kwa upogo kidogo, na inafaa sana kwa santuri za mizunguko 45. Ncha ya pili ni ya duaradufu, yaani imebanwa mbele na nyuma. Hii huingia vizuri zaidi katika mawimbi madogo, hivyo matoazi na herufi "s" husikika safi, hasa karibu na mwisho wa santuri, mahali ambapo mawimbi yamesongamana. Tatu ni ncha zilizonolewa kwa ustadi mkubwa, ambazo hugusa ukuta wa mfuo kwa mstari mrefu kutoka juu kwenda chini.

Nitatoa mfano mmoja ambao unaweka mambo yote mezani. Mwaka 2018 kampuni ya Audio-Technica ya Japani ilitoa jamii ya vichwa vinavyoitwa VM95. Mwili ni mmoja, sindano ni sita, na zote huchomekwa katika mwili uleule. VM95C ina ncha ya mviringo, VM95E ya duaradufu, VM95ML ya mstari mwembamba. Huko Marekani mwaka huo bei zake zilikuwa kama dola 34, 49 na 169. Watengenezaji wenyewe wanakadiria kwamba ncha ya mviringo hudumu saa 500, ya duaradufu saa 300, na ile ya mstari saa 1,000.

Gawanyeni sasa bei kwa saa. Ya mviringo inagharimu senti 7 za dola kwa saa moja ya muziki. Ya duaradufu, senti 16. Ile ya dola 169, ambayo dukani inatisha, inagharimu senti 17. Mnaona basi: ile ya kati na ile ya juu karibu zinalingana kwa gharama, ila moja inataka fedha yote leo na nyingine inataka kidogo kidogo. Bei zimepanda tangu wakati ule, lakini hesabu ni hiyohiyo. Ifanyeni kwa bei mtakayoikuta.

Si kwamba kampuni hiyo iko peke yake. Ortofon ya Denmark, iliyoanza mwaka 1918, ina kichwa kiitwacho 2M Red kilichotoka mwaka 2007. Kina ncha ya duaradufu, hukandamiza kwa gramu 1.8, na umeme wake ni milivolti 5.5, ambao ni mwingi kwa aina yake. Ni kizuri, ila bei yake imezidi ile ya VM95E. Na mwenye fedha kidogo kabisa yuko na AT3600L, kichwa chepesi cha plastiki chenye ncha ya mviringo, kinachofungwa viwandani katika mashine nyingi za bei nafuu. Hicho hutaka gramu 2.5 mpaka 3.5. Msikidharau: kikiwa kipya na kimefungwa sawa, kitaishinda sindano ya fahari iliyokwisha.

MAMBO MATATU YA KUULIZA KABLA YA KUNUNUA

La kwanza: una santuri gani? Kama ni za vinyli, za 33 na 45, sindano za kawaida zinafaa. Kama ni zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae, hizo ni habari nyingine. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa santuri za namna hiyo. Mfuo wake ni mpana mara tatu hivi kuliko wa santuri kubwa ya vinyli. Sindano ndogo ikitumbukia humo, inakwaruza chini ya mfereji kama mtu anayetembea korongoni. Zinahitaji sindano nene. Katika jamii ile ya VM95 ipo, inaitwa SP, nayo hukandamiza kwa gramu 5. Vilevile ile gramafoni ya babu ya kuzungusha kwa mkono, yenye sindano ya chuma, isiguse santuri ya vinyli hata kwa mzaha.

La pili: mkono wa mashine yako ukoje? Vichwa vingi hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana nusu inchi, yaani milimita 12.7. Lakini ziko mashine ambazo kichwa huchomekwa kwa pini nne na kufungwa kwa skrubu moja ya pembeni, na ziko ambazo kichwa hakibadilishwi kabisa. Angalia kabla ya kutoa fedha. Angalia pia nyuma ya mkono: kama hakuna uzito wa kuzungusha ili kupima gramu, chagua tu kile kichwa kilichokusudiwa mashine hiyo.

La tatu: amplifaya yako ina tundu lililoandikwa PHONO? Tangu katikati ya miaka ya 1950 santuri hukatwa kwa utaratibu maalumu: besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa, na tundu hilo huyarudisha mambo mahali pake. Ukichomeka kichwa cha sumaku katika tundu la kawaida, utasikia sauti nyembamba kama mbu ndani ya chandarua. Kama tundu hilo halipo, utahitaji kisanduku cha kukuzia cha pembeni, na gharama yake uihesabu tangu mwanzo.

MAJINA YA ZAMANI

Hapa nazungumza hasa na wenzangu wenye mvi. Kila mmoja wetu ana jina moja la zamani analoliapia. Wengi walilipenda jina la Shure la Marekani, na walikuwa na haki. Lakini Shure waliacha kutengeneza vichwa na sindano mwaka 2018. Mwenye mwili wa zamani ulio mzima anaweza kupata sindano mpya za watengenezaji wengine, kama JICO wa Japani. Ila kununua kichwa kilichotumika, na sindano yake ileile, kwa sababu ya jina tu, ni kununua asichokijua mtu. Hujui kimesafiri kilometa ngapi. Tena kuna mpira mdogo unaokishika kijiti, na mpira huo hukauka na kuwa mgumu hata kama kichwa kilikaa kabatini miaka 30. Vizuri vyajiuza, lakini hata vibaya hujitembeza. Na sindano inayouzwa bila kifurushi, kwa robo ya bei, na kuandikwa jina kubwa, muulizeni muuzaji maswali mengi.

KUFUNGA NA KUTUNZA

Kichwa kina nyaya nne: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Baada ya kufunga, pimeni uzito kwa mizani ndogo ya gramu, ya aina anayotumia sonara. Watu wengi hudhani kwamba sindano ikikandamiza kidogo ndiyo huihurumia santuri. Sivyo. Sindano nyepesi mno hurukaruka, na kila inapotua hugonga ukuta wa mfuo. Kama mtengenezaji amesema gramu 2, iwe gramu 2.

Vumbi nalo ni adui. Sindano ikipita juu ya vumbi, huligandamiza ndani ya kuta. Kwa wale wa pwani kuna na ukungu, unaoota juu ya santuri zilizofungiwa katika joto na unyevu. Santuri isafishwe kabla ya kupigwa, na sindano ipigwe brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, jinsi santuri inavyokwenda, wala si kurudi nyuma wala pembeni, maana kijiti kitavunjika.

USHAURI WANGU KWA KAMATI

Ndugu Mwenyekiti, mashine yetu ina skrubu mbili, ina uzito wa nyuma unaorekebishwa, na amplifaya ina tundu la PHONO. Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Tununue mwili mmoja wa VM95 pamoja na sindano ya mviringo kwa matumizi ya kila siku ya wanafunzi. Kijiti kikivunjwa na mkono wa kidato cha kwanza, na mkono huo uko njiani, hasara itakuwa ndogo. Fedha inayobaki inunue mizani, brashi na sindano ya pili ya akiba. Mwaka unaofuata, fedha ikipatikana, tununue sindano ya ML, ikae kwa mwalimu, itumike tu siku za kuhamisha nyimbo kwenye kompyuta. Sindano hiyo, kwa kuwa hugusa ukuta mahali pengi, huweza kufikia sehemu ambazo sindano nzito za zamani hazikuzichakaza. Santuri chache za 78 zilizomo zisipigwe mpaka sindano yake ipatikane, na mpaka tuwe na mashine yenye kasi hiyo.

Na jambo moja halihitaji fedha. Liwekwe daftari kando ya mashine. Kila anayepiga santuri aandike tarehe, jina la santuri na dakika alizopiga. Kama maktaba itapiga saa 3 kwa wiki, kwa wiki 36 za masomo, hizo ni saa 108 kwa mwaka, na sindano ya saa 500 itatufikisha miaka minne na nusu. Siku daftari likifika saa 500, sindano itolewe, hata kama masikio yanasema bado inalia vizuri. Masikio huchelewa kugundua. Santuri haichelewi kuumia.

Ninyi wadogo zetu mtaona juu ya karatasi za santuri hizi majina yaliyoandikwa kwa wino. Tuliandika hivyo ili santuri isipotee kwenye dansi ya watu. Wengine wenye majina hayo wako hapa ukumbini, na wengine wametutangulia. Walizinunua kwa mishahara ya mwanzo, wakazibeba katika mabasi, wakazificha watoto wasizichezee. Sasa zimekuja mikononi mwenu. Hatuwaombi mzipende nyimbo zetu. Tunawaomba mzipige kwa sindano iliyo nzima.

Mwenye swali aulize, na mwenye kichwa cha zamani mfukoni anionyeshe; kioo cha kukuzia ninacho.